Kiki, bouba na vijana wenye usonji

Jaribio hili linazunguka kwenye simu za wazazi wengi hapa Tanga: maumbo mawili, moja lina ncha kali kama nyota, jingine limeviringana. Lipi ni kiki, lipi ni bouba? Wengi huipa kiki ncha bila kusita. Mama mmoja wa Ngamiani alimwonyesha mwanawe wa miaka 14, mwenye usonji (autism). Kijana akayatazama kwa muda, akauliza, "Mama, nani kayapa majina hayo?" Mama akaumia moyo, akadhani mwanawe kashindwa.

Dhana: Asiyeoanisha sauti na umbo ana akili nzito, au hasikii vizuri.

Ukweli: Hakuna jibu sahihi hapa, na swali la yule kijana lilikuwa la maana. Mwanasaikolojia Wolfgang Köhler aliandika juu ya watu kuoanisha sauti na umbo mwaka 1929. Majina ya kiki na bouba yakaja na watafiti Ramachandran na Hubbard mwaka 2001. Mwaka 2008 Oberman na Ramachandran walieleza kwamba wenye usonji walichagua jibu linalotarajiwa kwa asilimia 56, wasio na usonji asilimia 88. Tofauti ipo, siikatai. Lakini utafiti wa mwaka 2022 katika lugha 25 ulipata jibu hilo kwa takriban asilimia 72, maana yake watu wengi tu wasio na usonji nao hujibu kinyume. Tafadhali, usimpime mwanao kwa picha ya WhatsApp.

Dhana: Kwa wenye usonji, milango ya fahamu haiingiliani kabisa.

Ukweli: Mwaka 2013 mtafiti Simon Baron-Cohen na wenzake waligundua kuwa kusikia sauti ukaona rangi, na mengine ya namna hiyo, hutokea kwa karibu asilimia 19 ya watu wazima wenye usonji, dhidi ya asilimia 7 ya wengine.

Dhana: Alivyo utotoni ndivyo atakavyobaki.

Ukweli: Hili ndilo ninalotaka wazazi walishike. Mtafiti John Foxe na wenzake walichunguza watoto wenye usonji wanaozungumza vizuri. Penye kelele, wadogo hawakusaidika sana kwa kutazama midomo ya msemaji. Kufikia miaka 13 hadi 15, pengo hilo lilikuwa limezibika. Kwa hiyo ukimsemesha mwanao katikati ya soko la Mgandini asiitike, usimkaripie. Mtoe pembeni penye utulivu, sema tena taratibu, kisha mpe nafasi ajibu.