Mpini wa pembe ya kulungu wa Ulaya hauhitaji mnyama auawe

Hapa Bukavu utasikia kwamba pembe yenye matawi ya kulungu wa Ulaya, ile ya mipini ya visu vya kukunja, ni sawa tu na ya ng'ombe, na kwamba lazima mnyama auawe. Yote mawili si kweli.

Pembe ya ng'ombe, mbuzi au swala ni ganda la keratini, dutu ileile ya kucha zetu, lililofunika kiini cha mfupa. Haidondoki. Ya kulungu wa Ulaya ni mfupa wote: dume huiangusha kila mwaka, ikaota nyingine, na mafundi wengi hutumia zilizookotwa msituni.

Hapo kazi yote hubadilika. Pembe ya ng'ombe ukiipasha moto hulainika, ukaibana mpaka inyooke. Mfupa haukubali hivyo. Unaukata kwa msumeno na kuusugua kwa tupa. Katikati yake pana vitundu kama sponji, kwa hiyo pini ambayo bapa la kisu huzungukia ipite kwenye sehemu ngumu ya nje. Na vaa barakoa, tafadhali: vumbi lake huumiza mapafu.

Anayetaka kuanza aombe pembe ya ng'ombe kwa wauza nyama wa Kadutu, hapa mjini. Ni nyenzo nzuri kabisa. Hata mafundi wa visu wa Laguiole, Ufaransa, huitumia.