Mafuta ya manukato na aina ya ngozi: dhana potofu na ukweli wake

Muuza manukato mzoefu atakuuliza kwanza ngozi yako ni ya aina gani. Swali ni la haki. Kasoro iko kwenye majibu yanayofuata: mwenye ngozi kavu apewe udi, mwenye ngozi ya mafuta apewe limau, mwenye ngozi nyeti apewe chochote kilichoandikwa "asilia". Kupenda asmini au miski ni shauri la pua yako. Ngozi ina usemi kwingine: harufu itakaa muda gani, mafuta yaliyoibeba yatakufanyaje, na ni wapi ujipake.

Dhana: Ngozi kavu "inakula" manukato, kwa hiyo chagua harufu kali

Ngozi haili kitu. Molekuli nyingi za harufu hupatana na mafuta kuliko maji. Zikikuta ngozi yenye mafuta yake, huchanganyika nayo na kutoka polepole. Ngozi kavu haina cha kuzishikilia, hivyo huruka mapema. Ukijibu hilo kwa kununua harufu kali zaidi, utawakaba wenzako nusu saa ya kwanza kisha utabaki mtupu, maana ukali wa harufu na kudumu kwake ni mambo mawili. Limau, chungwa na bergamoti (tunda la jamii ya limau na chungwa) hunukia kwa nguvu na ndizo za kwanza kuondoka, hata kwenye ngozi yenye mafuta tele. Sandali, udi, vanila na miski zina molekuli nzito zisizo na haraka.

Dawa yake huanza kabla ya manukato. Ukitoka kuoga, ngozi ikingali na unyevu, paka losheni isiyo na harufu au vaselini kidogo pale utakapotia manukato, iache itulie, ndipo uguse tone lako. Umeipa ngozi inachokosa, na huna haja ya kuiacha harufu uliyoizoea.

Dhana: Mwenye ngozi ya mafuta asiguse mafuta ya manukato, atatoka chunusi

Inategemea anajipaka wapi, na harufu imechanganywa na nini. Chunusi hupenda uso, kifua, mabega na mgongo, penye tezi nyingi za mafuta. Tone la kwenye kifundo cha mkono halina ugomvi na uso wako. Linalopakwa chini ya taya au kifuani kila siku ndilo la kuangaliwa.

Kisha kuna mafuta ya msingi, yaani yale yanayobeba harufu. Mara nyingi ndiyo sehemu kubwa ya chupa, na wanunuzi wachache huyaulizia. Mafuta ya nazi ya kawaida yanajulikana kwa kuziba vitundu vya ngozi kwa wenye chunusi. Vivyo hivyo isopropili miristati, kimiminika chepesi kisicho na harufu ambacho hutumika sana kuzimulia manukato. Jojoba, ingawa tunaiita mafuta, kikemia ni nta ya majimaji, na nta za jamii hiyo zimo pia katika mafuta yanayotolewa na ngozi ya binadamu. Wengi wenye ngozi ya mafuta huivumilia vizuri. Muuzaji asipojua msingi ni nini, mimi ningeyaweka mbali na uso na shingo, basi. Na kwa upande wa kudumu, wenye ngozi hii ndio wenye bahati: harufu itakukalia, kwa hiyo punguza kipimo.

Dhana: Hayana spiriti, tena ni ya asili, basi ni salama kwa ngozi nyeti

Hapa ndipo watu huumia zaidi, kwa sababu nusu ya maneno hayo ni kweli. Spiriti huwasha ngozi iliyotoka kunyolewa na huzidi kuikausha iliyo kavu. Lakini spiriti huruka upesi. Kinachobaki ni harufu yenyewe, na mzio wa manukato kwa kawaida hutokana na hiyo harufu. Mafuta yanakaa palepale ulipoyapaka, saa baada ya saa.

Tangu 2005 Umoja wa Ulaya umewataka watengenezaji wataje kwenye lebo viambato 26 vya harufu vinavyojulikana kuleta mzio, na kanuni ya 2023 ikaipanua orodha hiyo kupita 80. Soma majina yake uone ni vingapi vinatoka kwenye mimea: limonini ya maganda ya chungwa, linaluli ya lavenda, jeranioli ya waridi, eujenoli ya karafuu. Atranoli na kloroatranoli, zinazopatikana katika likeni ya mwaloni (kiumbe kama ukoga kinachoota kwenye magome ya mti huo) inayotumika kuleta harufu ya msituni, zilikuwa za asili kabisa zilipopigwa marufuku huko huko kwa kanuni ya 2017. Kinga ya mwili haiulizi kitu kimetoka shambani au maabara.

Bergamoti ina balaa la peke yake. Mafuta yanayokamuliwa kutoka maganda yake yana bergapteni, ambayo ikipigwa na jua ingali kwenye ngozi huiunguza ngozi hiyo. Alama yake haifanani na upele wa kawaida: ni mchirizi wa kahawia unaoanzia chini ya sikio na kushuka shingoni, ukifuata njia ileile tone lilikopita. Kwa mwenye ngozi nyeusi, wekundu wa mwanzo unaweza kupita bila kuonekana, akaja kushtukia weusi ambao huchukua miezi kufifia. Watengenezaji makini huiondoa bergapteni kwanza. Kama huna hakika, paka panapofunikwa na nguo.

Chupa kuukuu nayo ina mambo yake. Limonini na linaluli zikiwa mpya haziudhi sana. Zikikaa na hewa kwa miezi hugeuka vitu vinavyochokoza mzio kwa nguvu kubwa zaidi. Ile chupa iliyobaki robo, inayokaa dirishani, kifuniko hakikazi sawasawa, ndiyo ya kutiliwa shaka kwanza, hata kama ulipoinunua ilielewana na ngozi yako. Kabatini, penye giza na ubaridi, mafuta hukaa salama muda mrefu zaidi.

Na tafadhali, mafuta tete yaliyokamuliwa au kukenekwa moja kwa moja kutoka kwenye mmea hayapakwi bila kuzimuliwa. Ni malighafi ya manukato, hata yawe yamefungwa kwenye chupa nzuri namna gani.

Dhana: Nimejipaka miaka yote, siwezi kupata mzio

Mzio wa ngozi hujengeka kwa kukutana na kitu mara kwa mara. Mtu anaweza kutumia mafuta yaleyale kwa miaka, kisha siku moja yakaanza kumtoa vipele. Hata baada ya hapo, vipele havitokei papo hapo. Huchukua siku moja hadi tatu, na ndiyo maana mtu hulaumu sabuni au chakula cha jana.

Kwa hiyo kujaribu dukani kwa dakika tano hakukuambii lolote kuhusu mzio. Chukua sampuli, paka kidogo kwenye ngozi laini ya ndani ya kiwiko mara mbili kwa siku, mahali palepale, kwa wiki moja. Mwenye ngozi nyeti aendelee hadi wiki mbili. Pakiwasha, pakivimba au pakianza kukwaruza, acha, na kama hali haitulii muone daktari wa ngozi. Anaweza kupima kwa kubandika viambato mgongoni na kukuambia jina hasa la adui yako, jambo ambalo hakuna muuzaji anayeliweza.

Dhana: pH ya ngozi yako ndiyo inayobadilisha harufu

Maelezo haya yanapendwa kwa sababu yanasikika ya kisayansi. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, pH yake, yaani kipimo cha asidi, ikiwa karibu na 5, na tofauti kati ya mtu na mtu ni ndogo mno kuweza kuligeuza waridi kuwa kitu kingine. Tofauti mnayoisikia wewe na rafiki yako hutokana na mambo ya kawaida zaidi: joto la ngozi, mafuta yake, jasho, sabuni na losheni mliyotangulia kupaka. Hayo huharakisha au kuchelewesha tabaka za harufu, kwa hiyo saa moja baadaye wewe uko kwenye sandali na yeye bado yuko kwenye maua. Jaribu kwenye ngozi yako, ondoka, rudi baada ya saa tatu au nne ndipo uamue. Karatasi ya kunusia haina joto wala mafuta.

Dhana: Kusugua viganja "huvunja" harufu

Molekuli hazivunjiki kwa kusuguliwa. Joto la msuguano huharakisha zile nyepesi kuondoka, basi.

Dhana: Siisikii tena, imekata, niongeze

Pua huzoea. Ikikaa na harufu ileile huacha kuipa uzito, wakati aliyekaa jirani yako bado anaisikia vizuri sana. Zaidi ya hapo, kuna watu wasioweza kabisa kunusa baadhi ya miski. Hao wanaweza kujimwagia nusu chupa wakidhani ni maji. Muulize mtu kabla hujaongeza.

Mwenye pumu ya ngozi iliyoamka, ngozi imepasuka au inatoa majimaji, asipake mafuta ya manukato hata yenye lebo ya "ngozi nyeti", kwa kuwa ngozi iliyochanika hupitisha viambato kwa urahisi. Akitaka kunukia, atie tone kwenye kipande cha pamba na kukibana kwa pini kwenye bitana la koti au upande wa nje wa pindo, kisiguse mwili. Kitambaa cheupe au cha hariri kisitumike, mafuta huacha doa.