GMT+3 si ukanda wa saa

Ukanda wa saa ni eneo ambalo watu wake hufuata saa moja, pamoja na kumbukumbu ya kila mara saa hiyo ilipobadilishwa. GMT+3 ni namba tu: inaeleza eneo limetangulia UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima ambayo wengi huiita pia GMT, kwa kiasi gani kwa wakati fulani. Menyu za programu nyingi huviweka viwili hivi chini ya jina moja, na sisi tunaoandika programu tunaendelea kuvichanganya.

Kwetu ni rahisi kuchanganya. Nairobi, Dar es Salaam na Kampala ziko saa tatu mbele ya UTC kwa miongo mingi sasa, na hatusogezi saa kwa ajili ya majira ya joto. Lakini hata Nairobi iliwahi kuwa mbele kwa saa mbili na nusu, kisha kwa saa mbili na dakika 45.

Mfano wa karibu zaidi ni Juba. Tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa nyuma, kutoka +3 hadi +2. Chukua programu ya kalenda iliyohifadhi, mwaka mmoja kabla, mkutano wa Juba wa Machi 2021, saa nne asubuhi, ikaandika +3 peke yake. Mkutano ulipofika, kengele ililia saa tatu. Kama ingeandika saa nne pamoja na Africa/Juba, yaani jina la ukanda wenyewe, ingetosha kompyuta kupata kanuni mpya. Kanuni hizo zilitoka katika toleo la 2021a la kanzidata ya saa, yaani orodha ya kanda zote na kanuni zake ambayo kompyuta husoma, wiki moja tu kabla ya badiliko lenyewe, na ndiyo maana programu iliyobeba nakala yake ya ndani isiyosasishwa hubaki nyuma hata mfumo endeshi ukiwa umesasishwa.

Kanzidata hiyo ilianzishwa na Arthur David Olson nchini Marekani miaka ya 1980, ikaendelezwa na Paul Eggert, na tangu 2011 inatunzwa chini ya IANA, chombo kinachoratibu majina na namba za intaneti. Kanda zake hupewa majina ya miji kwa sababu nzuri: mipaka na majina ya nchi hubadilika upesi kuliko ya miji. Ndani yake yamo pia majina kama Etc/GMT-3, na hapo ndipo anayeshikilia namba huumia zaidi. Kwa desturi ya zamani ya mifumo ya Unix alama imegeuzwa, hivyo Etc/GMT-3 ndiyo iliyo saa tatu mbele. Anayechagua Etc/GMT+3 akidhani ni Mombasa amejipeleka saa sita nyuma ya Mombasa.

Linux na macOS husoma kanzidata hii moja kwa moja. Windows ina orodha yake, na huko Nairobi, Dar es Salaam, Addis Ababa na Antananarivo zote zimo ndani ya E. Africa Standard Time. Mradi wa CLDR, unaokusanya data za lugha na maeneo kwa ajili ya programu, una jedwali la kutafsiri kati ya orodha hizi mbili, ila safari ya kurudi haina uhakika: faili lililoandikwa Africa/Dar_es_Salaam likipitia jina la Windows linaweza kurudi likiwa Africa/Nairobi. Leo saa ni zilezile. Siku nchi moja ikibadilisha saa yake, hazitakuwa zilezile.

Kwa tukio lililokwisha kupita, UTC inatosha, na +3 pembeni yake haina ubaya. Kwa miadi ijayo, hifadhi saa ya ukutani ya mahali husika na jina la IANA, na jina la Windows litafutwe pale tu Windows inapolihitaji. Na fomu inayomwuliza mtu ukanda wake wa saa impe orodha ya miji.