Je, wajua kwa nini bendera ya nusu mlingoti hupandishwa kwanza hadi juu?

Usiku wa tarehe 17 Machi 2021, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alilitangazia taifa kifo cha Rais John Magufuli: maombolezo ya siku 14, bendera zipepee nusu mlingoti. Kenya nayo ikashusha zake kwa siku 7. Tangazo la aina hiyo tumelizoea, ila wachache wamewahi kutazama kinachofanyika pale chini ya mlingoti alfajiri yake.

Utaratibu ni kwamba bendera haiishii katikati. Mwenye kamba huivuta moja kwa moja mpaka kileleni, huiacha hapo kwa muda mfupi, kisha huirudisha chini polepole hadi mahali pake pa msiba, ndipo anafunga kamba. Saa 12 jioni, wakati wa kuitoa, hurudishwa tena juu kabisa kabla ya kuteremshwa. Siku 14 za maombolezo, basi, ni siku 14 za kurudia mzunguko huo asubuhi na jioni.

Sababu yake ni hii: mahali pa bendera ya nchi ni juu. Kinachoonyesha huzuni ni kule kuishusha. Ukiifunga katikati tangu mwanzo hujaishusha, umeipandisha nusu tu, na anayepita anaweza kudhani kamba imekwama.

Desturi hii inaaminika ilianzia kwa mabaharia. Simulizi linalotajwa zaidi ni la mwaka 1612: nahodha Mwingereza James Hall aliuawa Greenland, na meli ya Heart's Ease ikarudi London bendera yake ikiwa imeshushwa. Maelezo yanayopendwa ni kwamba nafasi iliyobaki juu ni ya bendera isiyoonekana, bendera ya mauti. Maelezo matamu, ingawa mimi naona ni ya kupambia baadaye. Baharia aliyetaka kuwaambia walio mbali kwamba chomboni kuna msiba hakuwa na njia rahisi kuliko kuiweka bendera pasipo pake.

Na hiyo "nusu" wala si lazima iwe nusu. Mwongozo wa Uingereza unataka bendera ikae theluthi mbili za mlingoti kutoka chini, na nafasi ya juu isipungue kimo cha bendera yenyewe. Wamarekani wao hulenga katikati. Kosa linaloonekana sana ni kuishusha mno, hadi inakaribia kugusa paa au miti. Jingine ni kuiacha ya taifa chini huku ya kampuni au ya taasisi jirani yake ikipepea juu kabisa. Zote zishuke, au hizo nyingine ziondolewe. Halafu, katika haraka ya msiba, kuna kuifunga kichwa chini. Kwa bendera ya Tanzania ni rahisi kukagua: mstari mweusi huanzia chini, penye mlingoti, na kupanda kuelekea nje. Ukiuona unateremka, mtu amekosea.

Je, kila bendera hushushwa? Hapana. Bendera ya kifalme ya Uingereza haishushwi kamwe, kwa kuwa mfalme mmoja akifa mwingine huwa tayari ameshika nafasi. Mwaka 1997, alipofariki Diana, aliyewahi kuwa mke wa mrithi wa ufalme, mlingoti wa jumba la Buckingham ulikuwa mtupu, maana Malkia alikuwa Scotland na bendera yake hupepea pale alipo tu. Wananchi walichukia, wakaona familia ya kifalme haina uchungu. Hatimaye, siku ya mazishi, tarehe 6 Septemba, ilipandishwa bendera ya taifa badala ya ile ya kifalme, nayo ikawekwa nusu mlingoti.

Saudi Arabia nao hawashushi, kwa sababu bendera yao imeandikwa shahada, yaani tamko la imani ya Kiislamu. Mfalme Abdullah alipofariki Januari 2015, bendera za Riyadh zilibaki juu kama kawaida, wakati London, katika kanisa la Westminster Abbey, Waingereza walishusha yao kumwombolezea, na wakalaumiwa vikali na baadhi ya wanasiasa wao wenyewe.