Acheni kukodi salio

Naomba niliseme hili nilimalize, maana wiki hii nimelisikia tena, na safari hii kutoka kwa mwalimu wa sekondari: eti kibali cha kusoma Kanada ni suala la kuwa na salio kubwa siku unayochapisha taarifa ya benki. Unamtafuta mwenye fedha, anakuwekea mamilioni, benki inagonga muhuri, kesho yake anazitoa pamoja na ujira wake. Biashara hiyo ipo hapa Tabora mjini, ina bei zake, na wanaoifanya wanajiita washauri. Vijana wanaouita mji wetu Toronto wanaiamini kuliko tovuti ya serikali ya Kanada yenyewe.

Mimi ni mhasibu. Kazi yangu ni kupanga hesabu za familia na kuziandikia maelezo ambayo mtu asiyewahi kufika huku atayaelewa. Fomu ya maombi simjazii mtu. Sheria ya Kanada inataka mwakilishi anayelipwa awe wakili au mshauri aliyesajiliwa na vyombo vya kule, kwa hiyo yule kijana wa stesheni anayesema "lete nywila yako nikumalizie" hayumo.

Sasa twende kwenye salio. Kanada wanaomba taarifa ya benki ya miezi 4 iliyopita. Ingekuwa salio la siku moja linatosha, si wangeomba ukurasa wa mwisho tu? Miezi 4 inaonyesha akaunti inavyoishi: kinachoingia, ada za wadogo, laki mbili za mgonjwa wa Urambo, M-Pesa za kila siku. Akaunti iliyokuwa inahema kwa elfu themanini tangu Januari, ghafla inapokea milioni 45 kutoka kwa mtu ambaye jina lake halipo popote kwenye faili. Hapo hata mimi ningeuliza, na sijasomea upelelezi.

Nadhani uvumi huu umetokea Uingereza. Kule kanuni ni ya tarakimu: fedha zikae siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango, basi. Ujerumani nako kuna namna yao, unafunga euro 11,904 kwenye akaunti maalumu na kuruhusiwa kuchukua 992 kila mwezi. Mtu akisikia haya nusunusu, akayapeleka Kanada, anapata hadithi ya salio. Kiwango Kanada kipo, sikatai. Tangu Septemba 2025 ni dola 22,895 za Kanada kwa mwanafunzi anayekwenda peke yake nje ya Quebec, mbali na ada na nauli. (Hadi mwisho wa 2023 ilikuwa 10,000, na bado kuna watu wanagawa karatasi yenye namba hiyo!) Lakini nyuma ya kiwango yuko afisa, na kanuni inamtaka aridhike kwamba fedha zinatosha, zinapatikana, na hazitegemei mwanafunzi kufanya kazi kule. Kwa hiyo ile ya "akifika atabeba maboksi" bakini nayo sebuleni. Ni kweli wengi wanaruhusiwa kufanya kazi nje ya chuo hadi saa 24 kwa wiki masomo yakiendelea, ila ujira huo hauingii kwenye hesabu ya maombi.

Kinachoniudhi hasa ni kwamba uvumi huu unawaponza watu ambao fedha zao ni halali kabisa. Mkulima wa tumbaku wa Sikonge au Kaliua hupata fedha za mwaka mzima ndani ya wiki chache. Masoko yanafunguliwa, mteuzi anapanga madaraja ya tumbaku, chama cha msingi kinakata mkopo wa mbolea na pembejeo nyingine, kinachobaki kinaingia benki. Akaunti ilikuwa tupu, ikajaa kwa mkupuo, kisha ikaanza kuchuruzika: mabati, ng'ombe, vibarua, ada. Ukiiweka mezani bila neno, inafanana kama pacha na ya salio la kukodi. Basi mshauri anamwambia mzee afiche. Afungue akaunti mpya, fedha ziingie kidogokidogo kwa majina ya watu watatu ili zionekane za mshahara. Jamani! Mtu ana ushahidi wa jasho lake mkononi, mnamfundisha kuuharibu.

Mimi hufanya kinyume. Naupeleka ule mkupuo mbele. Nachukua hati za mauzo za chama, naonyesha kiasi, makato, na tarehe fedha zilipoingia benki, mstari kwa mstari. Hakuna aliyekataza kupeleka zaidi ya miezi 4, kwa hiyo naweka misimu miwili au mitatu, afisa aone kwamba akaunti hujaa wakati uleule kila mwaka. Juu yake barua ya chama ikieleza mzee ni mwanachama tangu lini. Hati za Kiswahili zitafsiriwe kwa Kiingereza au Kifaransa, mtafsiri aape, na asiwe mwombaji wala ndugu yake, hata kama shemeji anafundisha Kiingereza.

Anayelipa akiwa mjomba au baba mdogo, leteni barua yake, taarifa yake ya benki na vyeti vinavyoonyesha udugu. Kwetu mjomba kusomesha hakuna anayeuliza sababu. Afisa anaiuliza.

Fedha za asali ni ngumu zaidi, maana nyingi hulipwa taslimu na hulala nyumbani au kwenye kikoba. Daftari la kikoba lenye sahihi husaidia, risiti husaidia. Ila kuna jambo watu hawapendi nikilisema: kama TRA umewaambia mauzo yako ni kiduchu, na Kanada unataka kuwaambia ni makubwa, faili hilo siligusi. Karatasi mbili zenye jina lako zinapingana, na zote umezileta mwenyewe.

Mengine nayapita haraka. Barua ya udahili itoke chuo kilichoidhinishwa kupokea wanafunzi wa kigeni. Tangu 2024 wengi wanahitaji pia barua ya uthibitisho ya jimbo, kwa sababu serikali iliweka ukomo wa idadi. Maombi ni dola 150 za Kanada, alama za vidole 85, na vidole mtaviweka Dar es Salaam, kwa hiyo wekeni nauli.

Na faili lililonyooka hukataliwa pia. Nimeona mawili yanayofanana, msimu mmoja, zao moja, moja likapita na jingine likarudi limekataliwa, na sentensi moja tu kuhusu hali ya kifedha. Afisa ana uhuru wa kupima, na hana wajibu wa kujua bani la kukaushia tumbaku ni kitu gani. Najiuliza kama maelezo yangu humsaidia au humchosha. Siku hizi sizidishi ukurasa mmoja. Nina shaka pia kama kila familia inayouza shamba kwa ajili ya safari hii inapaswa kuliuza, na wazazi nawaambia hivyo, ingawa wengi hawalipi mhasibu ili wasikie hayo.

Hata hivyo, faili la kweli likikataliwa unaweza kuomba tena. Udanganyifu ukigundulika, sheria yao inakufungia mlango wa Kanada miaka 5, na kujitetea kwamba aliyeweka fedha ni mshauri hakusaidii, maana sahihi ni yako.

Wazazi wa tumbaku mnaotaka kuanza: nendeni chamani mchukue nakala za hati za mauzo za misimu iliyopita, zigongwe muhuri, wakati masoko bado yako wazi. Yakishafungwa, karani anakwenda shambani kwake, na simu haishiki.