Draiva ya namba nasibu "imeanzishwa": maana yake ni nini hasa?

Mtu anawasha Raspberry Pi yake (kompyuta ndogo ya bodi moja), anachungulia kumbukumbu za kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, anaona mstari `random: crng init done`, kisha anatangaza kwamba draiva ya namba nasibu imeshaanzishwa na mambo ni shwari. Nimeyasikia haya mara nyingi mno, na safari hii yametoka kwa mtu anayelipwa kusimamia seva za watu. Mstari ule hausemi habari za draiva hata kidogo.

Maana kwanza, tuimalize. Kizalishi cha namba nasibu cha maunzi ni saketi ndogo inayotoa biti kutokana na jambo halisi lisilotabirika, mara nyingi kelele za umeme au kuyumbayumba kwa mapigo ya saketi yenyewe. Draiva ni programu ndani ya kerneli inayojua kuongea na saketi hiyo. Kuianzisha ni kuiweka saketi katika hali ya kutoa biti zinazofaa kusomwa. Basi.

Kasheshe ni kwamba watu huchukua matukio kadhaa, yanayotokea nyakati tofauti na kwa mikono tofauti, wakayabebesha jina moja.

Chukua Linux. Draiva ikipakiwa na kukuta chipu yake, hupanga anwani za rejista (visanduku vidogo ndani ya chipu vya kuiamuru na kusoma hali yake) kisha huita `hwrng_register`. Hapo imesajiliwa tu: jina lake limeingia kwenye orodha. Kazi ya `init` iliyoandikwa ndani ya draiva haiitwi mpaka sehemu kuu ya mfumo huo, ile inayosimamia draiva zote za aina hii, iichague chipu hiyo iwe ndiyo inayotumika. Kwenye mashine yenye chipu mbili, moja hutumika na nyingine hukaa benchi. Ile ya benchi utaiona kwenye `rng_available`, utaifurahia, na pengine hakuna aliyewahi kuiwasha.

Na kuwasha kwenyewe si kubonyeza swichi tu. Tazama `bcm2835-rng`, draiva ya chipu iliyomo kwenye Raspberry Pi za kabla ya Pi 4. `Init` yake inawasha saa ya saketi, inairudisha saketi kwenye hali ya mwanzo, na kwa baadhi ya ndugu zake inaziba ukatizi, yaani ishara za kifaa za kumkatiza prosesa kazi. Halafu inaandika namba 0x40000 kwenye rejista ya hali, na mwisho kabisa inaruhusu uzalishaji. Hiyo 0x40000, yaani 262,144, ni hesabu ya kupasha moto. Waandishi wa draiva wameeleza wazi ndani ya msimbo kwamba namba za mwanzo si nasibu vya kutosha, kwa hiyo zitupwe. Ni kama bomba baada ya mgao wa siku tatu: maji yale ya kwanza yenye kutu humpikii mtu chai. Hata baada ya hapo draiva haisomi kwa pupa. Inatazama biti za juu za rejista ile ile kujua maneno mangapi yako tayari, na yakiwa sifuri inasubiri, au inarudi mikono mitupu kama aliyeuliza hataki kusubiri.

Sasa saketi inatoa biti. Je, kerneli inaziamini? Hilo ni swali lingine kabisa, na ndilo watu hulirukia. Kila draiva ina kipimo kinachoitwa `quality`, yaani katika kila biti 1024 zinazotoka, ngapi zihesabiwe kuwa entropi (unasibu usiotabirika) ya kweli. Kwa miaka mingi draiva isiyotaja kipimo hicho ilihesabiwa sifuri, na kerneli haikuwa na mpango wa kujaza hifadhi yake kutoka kwenye chipu hiyo. Chipu ilikuwa hai, `/dev/hwrng`, faili la kusomea biti zake, ilikuwa inasomeka, lakini ilibidi usakinishe programu ya `rngd` ichote biti huko na kuzirudisha ndani ya kerneli. Toleo la 6.2 la kerneli ya Linux, lililotoka Februari 2023, liligeuza kanuni: asiyesema kitu anahesabiwa 1024 kamili. Kwa hiyo draiva ile ile, isiyobadilishwa hata herufi, inaweza kuwa na uzito tofauti kwenye kerneli mbili.

Wala chipu kuitika si ushahidi kwamba inasema kweli. Mwaka 2019 baadhi ya prosesa za AMD za Ryzen 3000 zilikuwa zikiulizwa kwa RDRAND, amri ya prosesa yenyewe ya kuomba namba nasibu, zinajibu kwamba ombi limefaulu, na jibu lenyewe ni biti zote moja, kila mara. Ilibidi watu wasasishe BIOS. (RDRAND, kwa taarifa, haipiti kabisa kwenye mfumo huu wa draiva. Nayo huchanganywa humu kila siku.)

Turudi kwenye ule mstari. `crng init done` inahusu kizalishi cha kerneli yenyewe, kile kinachotumia ChaCha20 (mbinu ya usimbaji fiche) na kinacholisha `/dev/urandom` na `getrandom`, milango ambayo programu huombea namba nasibu. Kinasubiri mbegu, yaani biti za kuanzia, zipatazo 256, na hakijali sana zimetoka wapi: chipu, muda wa ukatizi, diski. Mwaka 2019, wakati kerneli 5.3 ikiandaliwa, maboresho ya mfumo wa faili wa ext4 yalipunguza usomaji wa diski wakati wa kuwaka, ukatizi ukapungua, na kuna mashine zilizoganda zikisubiri mbegu. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliyaondoa maboresho hayo kwa muda, kisha kwenye 5.4 akaweka njia ya kerneli kujitafutia entropi kwenye kuyumba kwa muda wa prosesa. Tangu hapo, mashine isiyo na chipu yoyote ya namba nasibu nayo huandika mstari ule ule unaokufurahisha.

Huu si ubishi wa maneno. Mwaka 2012 Nadia Heninger na wenzake walichunguza funguo za umma mtandaoni wakaweza kupata funguo za siri za RSA (mbinu ya usimbaji fiche) za asilimia 0.50 ya mashine za TLS, itifaki ya mawasiliano salama, walizokusanya. Nyingi zilikuwa ruta na vifaa vidogo vilivyotengeneza funguo dakika za kwanza baada ya kuwashwa, kabla mbegu haijatosha.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa seva, ukiona mstari ule sema "kizalishi cha kerneli kimepata mbegu", na utakuwa sahihi. Ukitaka kuzungumzia chipu, soma `/sys/class/misc/hw_random/rng_current`. Ikikujibu `none`, hakuna draiva iliyoanzishwa, hata kama `lsmod`, amri ya kuorodhesha draiva zilizopakiwa, inakuonyesha jina lake. Ikikupa jina, soma na `rng_quality` iliyo jirani yake, ndipo uniambie imeanzishwa.