Mgonjwa asiyeona anapolazwa au kufika kliniki: maswali na majibu

Sinia ya chakula ililetwa mchana, ikawekwa juu ya kabati la kando ya kitanda, na aliyeileta akaondoka bila kusema neno. Baada ya saa moja ikachukuliwa vilevile ilivyokuja. Kwenye faili pakaandikwa: "Mgonjwa amekataa kula." Mzee mwenyewe hakujua kwamba chakula kililetwa. Mambo ya namna hii nimeyashuhudia wodini zaidi ya mara moja, na aliyeandika sentensi ile hakuwa mtu mbaya. Hakujua tu kwamba kwa mgonjwa asiyeona, kitu kisichotajwa ni kama hakipo. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa mara nyingi na wahudumu na ndugu wa wagonjwa.

Asiyeona ni yule aliye gizani kabisa?

Mara nyingi sivyo. Wengi hubakiwa na uoni fulani: mwanga, vivuli, rangi, au kipande kidogo cha picha nzima. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wasiopungua bilioni 2.2 wana tatizo la kuona, la mbali au la karibu, na humo wamo hata wale wanaohitaji miwani tu. Kwa kipimo cha shirika hilo, upofu huanzia pale ambapo jicho lenye nafuu linaona chini ya 3/60: herufi ambayo mwenye macho mazima anaitambua akiwa mita 60, huyu hata akiwa mita 3 haitambui.

Kinachotukoroga sisi wahudumu ni aina ya uoni uliobaki. Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, kwa kawaida hula pembeni kwanza. Mgonjwa anaweza kusoma herufi ndogo kwenye ubao wa kupimia macho, kisha akageuka na kujigonga kwenye toroli iliyo usawa wa magoti yake. Watu wakasema anajifanya. Kuna ugonjwa mwingine wa uzeeni unaoharibu sehemu ya kati ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, nao ni kinyume chake: anavuka korido nzima bila kugusa kitu, lakini sura yako haitambui, na akitaka kukuona vizuri anatazama sikio lako. Usidhani anakudharau. Mwenye mtoto wa jicho huona kama kuna ukungu, na taa kali ikimwelekea usoni humzidishia taabu.

Kwa hiyo muulize: "Unaona nini, na upande gani unaona vizuri zaidi?" Jibu liandike mbele kabisa kwenye faili, mahali ambapo zamu inayofuata italiona bila kulitafuta.

Nikimkaribia nianzie wapi?

Anzia na wewe mwenyewe. "Habari za jioni, mzee. Mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku, nimesimama kulia kwako. Nataka kukupima presha mkono wa kushoto. Utasikia mkanda unabana." Hayo ni maneno ya sekunde kumi. Ukiyaruka, kinachompata ni mkono wa baridi unaomkamata ghafla kutoka hewani, na presha utakayoisoma hapo ni ya mtu aliyeshtuka.

Usipaze sauti, masikio yake ni mazima. Usimuulize aliyemsindikiza "anaumwa wapi?" wakati mwenye maumivu amekaa mbele yako. Pale mapokezi usimtajishe ugonjwa wake kwa sauti ya foleni nzima kusikia, maana yeye hawezi kugeuka kuona ni nani amesimama nyuma. Na ukiondoka, aga. Hakuna aibu kama ya kumalizia habari zako mbele ya kiti kitupu.

Maneno kama "tutaonana kesho" au "umeona?" wala yasikutishe. Wao wenyewe huyatumia kila siku.

Nimwongoze vipi kutembea?

Usimvute mkono, usimsukume mabega, na usishike fimbo yake nyeupe. Muulize kama anataka msaada, kisha mpe mkono wako, akushike juu kidogo ya kiwiko. Wewe tangulia nusu hatua. Mwili wako utamwambia unapogeuka na unaposimama. Kwenye njia nyembamba peleka mkono huo nyuma ya mgongo wako, naye atajipanga nyuma yako. Kwenye ngazi simama, useme kama zinapanda au zinashuka. Mkifika kwenye kiti, weka mkono wake juu ya egemeo la kiti, atakaa mwenyewe. Ukilazimika kumwacha kidogo, muache akiwa ameshika ukuta au meza, si katikati ya chumba.

Milango iwe wazi kabisa au imefungwa kabisa. Mlango ulioachwa nusu ndio unaopasua paji la uso.

Na ndani ya wodi?

Mtembeze siku ya kwanza, kutoka kitandani hadi chooni na kurudi, mkono wake ukigusa njia: ukuta, mlango, bomba, karatasi, mahali pa kuvutia maji. Mwekee mkono juu ya kengele ya kuitia muuguzi; kumwambia tu kwamba "ipo hapo" hakutoshi. Kisha anayefanya usafi aelezwe kwamba vitu vya kitanda hiki havihamishwi, hasa fimbo. Fimbo iliyowekwa "mahali salama" na mtu mwingine ni fimbo iliyopotea.

Chakula wengi hukielekeza kwa uso wa saa. Ni njia nzuri, ila kwa Kiswahili ina mtego. Tukisema saa sita, mshale uko juu kwenye tarakimu ya 12. Mmoja akihesabu saa kwa Kiswahili na mwingine akafuata tarakimu, kila kitu kinageuka upande wa pili, na mkono unaishia kwenye kikombe cha chai ya moto. Kubalianeni kwanza, au semeni tu: mbele, karibu nawe, kulia, kushoto. Aliyezaliwa haoni huenda uso wa saa haumwambii chochote.

Fomu ya ridhaa si asaini ndugu yake tu?

Hapana. Kutoona hakumwondolei mtu haki ya kuamua. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, katika kifungu cha 25 unataka watu hawa watibiwe kwa ridhaa yao wenyewe, baada ya kuelezwa. Msomee fomu yote, pamoja na yale maandishi madogo ya chini, kisha muulize amesikia nini. Kwa sahihi, kata kidirisha kwenye kipande cha kadi ngumu, kilaze juu ya mstari, naye atasaini ndani yake. Kadi hiyo itumike hadi ichakae.

Dawa atazitofautishaje nyumbani?

Usiseme "kile cha kopo la bluu". Mpe makopo mikononi ukiwa bado naye. Funga mipira ya raba: mmoja kwa dawa ya mara moja kwa siku, miwili kwa ya mara mbili. Dawa zibaki kwenye makopo yake ya asili. Ya maji apime mbele yako kwa bomba la sindano lisilo na sindano, hadi mkono uzoee. Kalamu za insulini hutoa mlio kila unapozungusha, lakini watengenezaji wenyewe huonya kwamba asiyeona asitegemee kuhesabu milio bila msaada wa anayeona.

Tangu 2004 sheria ya Umoja wa Ulaya inataka jina la dawa liandikwe kwa nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa vidole, kwenye boksi. Ni jambo jema, lakini waliopoteza uoni uzeeni wengi hawajajifunza nukta nundu. Tarehe ya kurudi kliniki waandikie kwa kalamu nene nyeusi kwenye karatasi isiyong'aa, au uwatumie ujumbe wa sauti. Simu inayosoma maandishi husoma ujumbe ulioandikwa. Kwenye picha ya barua uliyoipiga huenda isiambulie kitu.

Bibi yetu haoni vizuri, sasa anasema anaona watoto wamekaa mwisho wa kitanda. Amerukwa na akili?

Huenda wala. Ubongo ukikosa picha kutoka machoni, wakati mwingine hujitengenezea zake. Mwaka 1760 Mswisi Charles Bonnet alieleza habari za babu yake mwenye mtoto wa jicho, aliyekuwa akiona watu, ndege na majengo yasiyokuwepo huku akili yake ikiwa timamu, na hali hii hadi leo inaitwa kwa jina lake. Wagonjwa wengi huificha wakiogopa kuitwa vichaa. Kumsikiliza na kumweleza kwamba hali hii inajulikana humtuliza sana. Kuwasha taa, kupepesa macho au kuyapeleka huku na huku huwaondolea baadhi yao picha hizo.

Ila kama pia anasikia sauti, amechanganyikiwa, ana homa, au anaamini kabisa kwamba watoto wale ni wa kweli, mwambie daktari siku hiyohiyo. Hapo kuna kitu kingine.